Yaliyokuja Baada ya Sijambo

Dodoma, 4 Novemba 2024

Kwa wanakikundi wa presha, Chilangala, Newala.
Kwa mkono wa Ndugu Anselmo, Baba Agatha, mhudumu wa afya wa kijiji, aisome kwa sauti.

Wapiganaji wenzangu, ninyi mnaobeba ndoo kichwani na presha kifuani, ninyi mnaomeza vidonge kwa maji yaliyochotwa mbali: shikamooni wazee wangu, na wa rika langu hamjambo.

Mimi ni Mwanakombo binti Salmini, mliyemwona akitambaa kwenye nyua zenu, leo mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu. Mama Mkubwa Maryam, dada wa mama yangu, aliyenilea tangu mama alipotutoka, ameanguka. Mnajua, kwa sababu mlimbeba ninyi. Jumatatu ya tarehe 28 Oktoba, katikati ya shamba lake, akiwa na ndoo ya korosho mkononi, upande wa kulia wa mwili wake ulizimika. Mpaka leo yuko hospitali mjini Newala, anatamka maneno nusu nusu. Daktari ameandika kwamba ni kiharusi, na kilicholeta kiharusi ni presha ya kupanda.

Sasa sikilizeni kinachonichoma. Mama Mkubwa hakuwa mtoro wa dawa. Alikuwa mwanachama wa Mpango wa Moyo Tulivu, mpango uliopanda huko kwenu uwanda wa juu kutoka Masasi mwaka jana, ukaandika namba zenu za simu, ukawaahidi kwamba kila Jumapili simu itawajulia hali, na kwamba mwenye dalili ya hatari atafikiwa na mhudumu kabla jua halijazama. Kila Jumapili simu ilimuuliza. Kila Jumapili alijibu. Na kila Jumapili mimi, niliyeandikishwa kuwa ndugu yake wa karibu, nilipokea ujumbe huu: "Mgonjwa wako yuko salama." Jumapili ya tarehe 27 niliupokea saa nne asubuhi. Kesho yake, saa ile ile, aliokotwa.

Usalama gani huu unaodumu siku moja? Usalama wa nani?

Nimepiga simu ofisini kwao Masasi. Sauti yenye upole ikaniambia kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha mgonjwa hakuwahi kuripoti dalili yoyote. Yaani aliyelala kitandani ndiye mkosaji. Yaani mtu aliyeandika herufi moja moja kwa kidole kilichopasuka kwa mafuta ya korosho ndiye aliyenyamaza, na waliokaa chini ya feni ndio waliosikiliza. Nakataa. Nakataa kwa niaba yake, na nakataa kwa niaba yenu, kwa sababu leo ni yeye na kesho simu itamtangaza mwingine kuwa salama.

Naomba jambo moja. Mtu asifute ujumbe hata mmoja. Kila mwenye simu aipeleke kwa Baba Agatha, anakili neno kwa neno mlichoulizwa na mlichojibu. Naandika kwa karatasi makusudi. Nusu yenu mmehamia mashambani kuokota korosho na simu mmeziacha kwenye kibanda cha kuchaji, na wino haufutwi kwa kubonyeza kidole.

Wakishasema kwamba hamkusema, tutawaonyesha mlichosema.

Wenu katika mapambano,
Mwanakombo Salmini


Chilangala, 12 Novemba 2024

Binti yangu Mwanakombo,

Marahaba. Barua yako niliisoma Ijumaa baada ya swala, nje ya msikiti, mimi Mkatoliki nimesimama pale kama mhubiri aliyepotea njia. Uliposema "wapiganaji wenzangu", nang'olo wetu, mzee Muharami, aliuliza tunapigana na nani, maana mguu wake mmoja haufai vita ya mbali. Nikamwambia subiri, msomi atataja. Ukataja Masasi. Akasema Masasi anafika, ila apewe nauli ya kurudi.

Mama Mkubwa ameruhusiwa, amerudi nyumbani jana. Anakula uji kwa mkono wa kushoto na anautukana mkono huo kwa uvivu. Maneno yameanza kurudi. Alipoingia uani neno la kwanza lilikuwa la kumkaripia jirani yake Oliva kwa kufagia vibaya, nasi tukafurahi sana.

Nimenakili kutoka simu kumi na tisa. Nakuandikia simu ya Mama Mkubwa peke yake, Jumapili tatu za mwisho. Simu inaanza hivi kila mara: "Shikamoo Mama Maryam. Umeamkaje leo?"

Tarehe 13 Oktoba alijibu: "Marahaba mwanangu. Sijambo, sijui wewe." Simu ikarudisha papo hapo: "Asante. Tumefurahi kusikia u mzima. Endelea na dawa, punguza chumvi." Dakika mbili baadaye yeye akaandika tena: "Ila kichwa kinagonga upande mmoja tangu Alhamisi." Hakujibiwa.

Tarehe 20: "Marahaba. Namshukuru Mungu." Simu: "Asante. Tumefurahi." Yeye: "Ila kichwa bado, na jicho la kushoto naona moshi. Vidonge vimebaki vitatu." Hakujibiwa.

Tarehe 27: "Marahaba mwanangu. Salama tu." Simu: "Asante." Yeye: "Ila mkono wa kulia unakufa ganzi. Jana nimeangusha kikombe mara mbili. Mtakuja?"

Hakujibiwa.

Na wengine wote ni hivyo hivyo. Muharami: "Tuko wazima. Ila nikiinama nadondoka." Oliva: "Salama. Ila pumzi inakatika nikipanda kutoka bondeni na maji." Nani kati yetu huanza na ugonjwa? Hata kwenye msiba tunaanza na nzuri, ndipo tunasema baba amefariki. Wewe unajua, mimi najua, ile mashine haijui. Inasikia neno la kwanza, inafunga mlango.

Mimi hapa nina kishikwambi cha Mpango. Kila mgonjwa wangu ana rangi yake. Akiwa mwekundu, namfuata na mashine ya kupimia presha. Mama Mkubwa alikuwa kijani Jumapili zote tatu. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake ni hatua mia tatu, nimezihesabu juzi.

Sitaki uniandike katika orodha ya wema. Jumamosi ile ya tarehe 26 nilipita kwake. Alikuwa anachemsha mizizi ya ming'oko, akanikaribisha. Nikamuuliza, "Hujambo Mama Mkubwa?" Akasema, "Sijambo Baba Agatha." Nilikuwa na haraka ya kwenda kupokea magunia ghalani. Nikasema haya, tutaonana, nikaondoka. Nimefikiri sana kama alikuwa amefungua mdomo tena nilipogeuka. Sikumbuki, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jambo moja zaidi, halafu nanyamaza. Katika barua yako hukuwaambia watu kwamba mwaka jana ulifanya mazoezi ya kazi katika Mpango huo huo, majuma manane, ukiwa na kitambulisho shingoni. Nami sikuwakumbusha. Lakini Muharami anakumbuka. Ndiye uliyempiga picha.

Mzee wako,
Anselmo (Baba Agatha)


Dodoma, 18 Novemba 2024

Kwa Ndugu Edmund, Mratibu,
Mpango wa Moyo Tulivu, Masasi.

YAH: UZIWI WA OFISI YAKO

Ndugu Mratibu,

Nimeambatanisha nakala za ujumbe kutoka simu kumi na tisa za kijiji kimoja. Soma, kisha unirudie ile sentensi yenu kwamba mgonjwa hakuwahi kuripoti dalili.

Maryam binti Ashiru aliwaambia kwamba kichwa kinagonga. Mkamshukuru. Aliwaambia kwamba jicho linaona moshi. Mkafurahi kusikia u mzima. Aliwaambia kwamba mkono unakufa ganzi, akawauliza kama mtakuja, na ofisi yako ikamwandikia mwanawe, mwenye barua hii, kwamba yuko salama. Mwizi huiba akakimbia. Ninyi mmeiba afya ya mtu mkabaki mmekaa, mkaandika ripoti.

Najua ofisi yenu kwa ndani. Nilikaa kwenu majuma manane mwaka jana, na ninayo haki ya kusema nilichokiona: ramani ukutani, vijiti vya rangi, wageni wanaopigwa picha wakiwa wameshika kipimo. Nilidhani nyuma ya ukuta ule kuna binadamu anayesoma. Kumbe kuna chombo kilichofundishwa kuitika na hakikufundishwa kusikiliza. Mmechukua salamu yetu, kitu tunachopeana kwa moyo, mkaifanya mtego wa kumnyamazisha mgonjwa.

Nataka majibu matatu kwa maandishi. Kwanza, nani aliamua kwamba neno la kwanza la mgonjwa litoshe? Pili, maneno yaliyofuata yako wapi? Tatu, ni wagonjwa wangapi wengine, Lupaso, Tandahimba na kwingineko, ambao hadi leo wana rangi ya kijani?

Nisipojibiwa ndani ya siku kumi, nakala hizi zitabandikwa kwenye kila ukuta wa chuo hiki na zitafika kwenye kila chumba cha habari kitakachonifungulia mlango. Jina la aliyefanya uamuzi ule litatajwa. Naliapia hilo.

Mwanakombo Salmini


Masasi, 26 Novemba 2024

Ndugu Mwanakombo,

Nimepokea barua yako. Pole kwa mgonjwa. Najibu kwa mpangilio wako.

Nani aliamua. Maswali ya awali ya Mpango yalikuwa ya namba: "Una maumivu ya kichwa? Bonyeza 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana." Hayakuwa na salamu. Yalibadilishwa katika kikao cha majaribio kilichofanyika hapa ofisini tarehe 17 Agosti 2023. Nimeambatanisha muhtasari wa kikao hicho, nawe utausoma mwenyewe, lakini nanukuu ukurasa wa tatu:

"Mwanafunzi wa mazoezi, Ndugu Mwanakombo, alisimama akasema: 'Hamtawauliza wazee wetu kama mnavyohesabu mbuzi. Bonyeza moja, bonyeza mbili! Mtu wa kwetu huamkiwa kwanza. Waulizeni wameamkaje, nao watawajibu kama watu.' Alipigiwa makofi. Fundi wa mfumo alieleza kwamba chombo kitaweza kusoma jibu la kwanza tu, na likiwa na neno la uzima, kama sijambo au salama, mgonjwa atahesabiwa kuwa hana dalili. Aliuliza kama hilo halitaleta tatizo. Ndugu Mwanakombo alijibu: 'Watu wetu hawasemi uongo. Wakiugua watasema.' Ikakubaliwa."

Nilikuwa mwenyekiti wa kikao. Nami nilipiga makofi.

Maneno yaliyofuata yako wapi. Kuna sanduku la ujumbe wa ziada. Alikuwepo mfanyakazi aliyelisoma kila Jumatatu. Mkataba wake uliisha Januari mwaka huu, hakupatikana mwingine, na katika ripoti zetu hapakuwa na safu ya kuandika kwamba halisomwi. Nililifungua baada ya barua yako. Lina ujumbe 2,314. Nilidhani nitakuta shukrani na maombi ya vocha. Nilisoma hadi wa arobaini, nikatoka nje nikasimama uani. Wahudumu wote sasa wana orodha ya wale wa mwezi huu na wanawafuata nyumbani. Wa nyuma ya hapo sijui niwafanyeje. Baadhi ya namba hazipatikani tena.

Wangapi. Sijui. Nisingependa kukudanganya kwa tarakimu.

Sasa naandika kwa kifupi yale niliyoagizwa. Wakubwa wangu wameamua kurudisha maswali ya namba, bila salamu, na mfumo wa zamani pamoja na sanduku lake utafutwa tarehe 31 Desemba. Wameniagiza pia nikukumbushe kwamba ukibandika nakala zako ukutani, muhtasari huu nao utabandikwa kando yake. Uliapa kumtaja aliyefanya uamuzi. Sikufurahia kuuandika mstari huu.

Edmund
Mratibu


Chilangala, 20 Desemba 2024

(Maneno ni ya Mama Mkubwa, mkono ni wangu. Amenikataza kuongeza wala kupunguza. Anselmo.)

Mwanangu Mwanakombo,

Hujambo? Mimi sijambo.

Mwambie Baba Agatha asicheke, aandike.

Mimi sijambo, ila mkono wa kulia haunitii. Ndio uliokuwa unabangua korosho, ndio uliokuwa unakusuka nywele. Sasa umelala mapajani kama mtoto wa mtu mwingine niliyeachiwa nimshike. Mguu unakuja kidogo kidogo. Kila asubuhi Oliva ananitembeza hadi kwenye karo la maji na kunirudisha, na njia nzima ananisimulia ugomvi wake na shemeji yake. Nitapona haraka nimkimbie.

Tangu nianguke umenipigia simu mara mbili. Mara zote umeniuliza, "Hali yako Mama Mkubwa?" Nikasema nzuri. Ukaanza kunieleza habari za Mpango, na ofisi, na kuta utakazobandika karatasi. Sikukukatiza kwa sababu nilisikia umekasirika, na mtu mwenye hasira ni kama mwenye chungu cha moto mkononi, unampisha apite. Halafu karibu mwezi mzima hukupiga tena. Nikamuuliza Baba Agatha, mtoto anaumwa? Akageukia kukoroga uji. Nikamwambia nitamtapikia uji. Ndipo akanisomea barua ya yule bwana wa Masasi, ile uliyomtumia bila hata neno lako moja juu yake.

(Ni kweli nilisoma. Nisamehe. Anselmo.)

Kwa hiyo umejificha kwa aibu ya salamu. Sikiliza nikwambie, nawe uniache nimalize, leo usinitangulie.

Salamu ile nilijua ni yako tangu Jumapili ya kwanza. Nani mwingine huniuliza "umeamkaje leo" na lile "leo" mwishoni? Wewe ulianza kusema hivyo ukiwa darasa la pili. Simu ilipolia nikaona maneno yale, nikasema, huyu ni mwanangu, amepata kazi ya kuwajulia wazee hali. Nikajivunia, nikamwonyesha Oliva. Unadhani ninaita mashine mwanangu? Sijachanganyikiwa kiasi hicho. Nilidhani anayesoma ni wewe.

Nilipoandika kwamba naona moshi, nilikuandikia wewe. Nilipouliza mtakuja, nilikuuliza wewe. Ulipokaa kimya nikasema ana mitihani, tusimsumbue. Ndiyo maana sikumwita hata Baba Agatha, aliye hapo mlangoni. Nilikuwa nakungoja.

Sikukwambia hayo ulie. Ukilia lia, kisha unawe uso.

Nasikia sasa wanataka kuondoa salamu, warudishe bonyeza moja, bonyeza mbili. Mimi sitabonyeza. Mtu ambaye hajanisalimia simwambii tumbo langu, awe daktari, awe simu. Salamu si kosa. Ulibisha hodi vizuri, nikakufungulia mlango, ukaniacha nimesimama na maneno mkononi. Waambie wakibisha hodi waingie, wakae, wangoje.

Tena nasikia wana maneno yetu wamefungia sandukuni, wanataka kuyatupa mwaka ukiisha. Hayo si yao. Yangu nayataka. Muharami naye anayataka ya kwake, ingawa ya kwake nayajua, nusu ni malalamiko ya mvua.

Hasira yako ni ndefu mwanangu, inafika Masasi na kurudi. Mbona inanipita mimi njiani?

Sijambo.

Ila nimekukumbuka.

Mama yako,
Maryam


Dodoma, 26 Desemba 2024

Ndugu Edmund,

Usifute.

Uliniletea muhtasari kama mtu anayeonyesha kisu bila kukichomoa. Ulifanya kazi. Nilikaa kimya siku thelathini, na katika siku hizo ujumbe 2,314 wa wagonjwa ulikuwa ukisubiri tarehe ya kufutwa kwa sababu mimi niliogopa ukurasa wa tatu. Hilo sitalisamehe kwangu, na simwombi mtu anisamehe kwa niaba yangu.

Basi nakunyang'anya kisu. Ukurasa wa tatu nitausoma mimi, kwa sauti yangu, mbele ya watu niliowasemea nikapigiwa makofi. Wakubwa wako hawana tena cha kubandika kando ya karatasi zangu. Wewe una kitu kimoja cha kufanya kabla ya tarehe 31, nacho kwa mtu mwenye moyo hakihitaji kibali: chapisha ujumbe ule wote kwenye karatasi. Kisha uje Chilangala ukiwa na fungu la kijiji kile mkononi.

Ulisema ulitoka nje ukasimama uani. Huko uani ulikosimama ndiko ninakokuandikia. Ofisini sina mtu wa kuzungumza naye.

Mwanakombo Salmini


Dodoma, 6 Januari 2025

Kwa wanakikundi wa presha, Chilangala.
Kwa mkono wa Baba Agatha, aisome kwa sauti, bila kuruka mstari.

Wapiganaji wenzangu, nyote mliowahi kusema sijambo huku mkiwa mmeshikilia ukuta msianguke: shikamooni.

Katika barua yangu ya kwanza niliwaita vitani na nikaficha silaha yangu. Leo naitoa. Mwaka juzi, mwezi wa Agosti, nilikuwa ndani ya Mpango wa Moyo Tulivu. Ni mimi niliyesimama kikaoni nikadai kwamba simu iwaamkie. Fundi akaonya kwamba chombo kitasikia neno la kwanza tu. Nikamjibu kwamba watu wetu hawasemi uongo. Nikapigiwa makofi, nikaketi, nikaondoka Masasi nikijiona nimewatetea, na onyo la fundi nikalisahau.

Nilikuwa nimewatetea na sikuwa nimewajua. Mimi niliyezaliwa kwenu, niliyekula ming'oko yenu, niliyefundishwa na ninyi kwamba ukweli wa mtu hauji na salamu, huja baada yake, akishaona umekaa. Nilijua adabu yetu kwa ulimi. Kwa masikio sikuijua. Halafu kila Jumapili nilipokea ujumbe wa "yuko salama", nikauamini, nikaacha kumpigia mama yangu simu. Sanduku la Masasi halikufunguliwa kwa miezi kumi. La kwangu nalo halikufunguliwa.

Msidhani kwamba nimekuja kuwaomba mpunguze hasira. Sijapunguza yangu hata chembe. Ofisi iliyopokea ujumbe 2,314, wenu na wa vijiji vingine, na kuyaacha maneno hayo gizani ina fungu lake. Waliotaka kuyafuta ili kumbukumbu ziwe safi wana fungu lao, tena nono. Baba Agatha aliniandikia fungu lake mwenyewe kwa mkono wake, nami sijawahi kusoma barua ya mtu jasiri kama ile. Ninachoomba ni kwamba mkigawa hasira hiyo, mnikatie na mimi.

Hasira isiyoumba kitu ni presha tu, nayo mnayo ya kutosha. Kwa hiyo tunadai. Salamu ibaki, kama Mama Mkubwa Maryam anavyotaka, kwa sababu mtu si mbuzi wa kuhesabiwa. Baada ya salamu simu ingoje, kisha iulize, "Na nini kingine?", na iulize hata kama mmesema salama mara kumi. Kinachokuja hapo kisomwe na binadamu mwenye jina, mnayemjua, siku ile ile, na Baba Agatha akipate kabla rangi haijawekwa. Kwenye kila ripoti ya Mpango iwepo safu inayosema ni maneno mangapi hayajasomwa, ili aibu ionekane mapema. Hatutoki kwenye Mpango. Vidonge na vipimo ni vyetu, simu ni zetu, presha ni zetu. Tunataka na masikio yawe yetu.

Mratibu Edmund amenijibu kwa mstari mmoja: "Nimechapisha zote. Nitakuja." Hakutaja wakubwa wake, nami sikumuuliza. Fungu la Chilangala ni ujumbe mia moja arobaini na sita. Kila mmoja atapewa wa kwake mkononi, na asiyetaka usomwe ataukunja auweke mfukoni. Anayetaka usikike, Mratibu atausoma kwa mdomo wake, amesimama, mbele ya mwenye nao. Baada ya kila ujumbe atamwuliza mwenyewe, "Na sasa?" Atangoja ajibiwe. Baba Agatha atakuwa na mashine ya presha mezani, na mganga wa zahanati atakuwa na dawa.

Muharami, ya mvua pia yatasomwa.

Mama Mkubwa ameomba wa kwake uwe wa kwanza, na ameomba usisomwe na Mratibu. Nitausoma mimi. Nitafika na basi la Jumatano, nilale kwake, asubuhi nimshike mkono wa kulia tutembee polepole hadi hapo. Nitasoma alichoandika Jumapili ile ya tarehe 27 Oktoba, mpaka lile neno la mwisho aliloniuliza. Kisha nitamjibu.

Ni Alhamisi, tarehe 16 Januari, kwenye uwanja wa zahanati ya Chilangala, saa tatu asubuhi. Nitawaamkia mmoja mmoja, mtaniitikia kwamba hamjambo, nami nitavuta kiti.

Mwanakombo binti Salmini, mwana wa Maryam